Kabla ya Kununua Globu Nyingine

Wateja wa taa huja jioni. Mchana kutwa tunahangaika na starta, alteneta na viyoyozi; ikishafika saa kumi na moja ndipo wanaanza kuingia waliokumbuka kwamba usiku huu wanapita Mikumi. Karakana yetu iko Morogoro, upande wa barabara ya Iringa. Barabara hiyo inakata ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na nyati akisimama katikati ya lami hana kiakisi mwanga mgongoni. Kwa hiyo mtu anafika na haraka zake, mkononi kashika boksi la globu mpya. "Fundi, nifungie hizi tu, nina safari."

Kama globu imekatika, namfungia. Ni kazi ya dakika chache, anaondoka. Ila akiniambia taa zinawaka lakini hazimuliki, namwomba boksi aliweke kwanza juu ya kiti. Kwa jinsi ninavyoijua kazi hii, taa hafifu kwenye gari la miaka 15 au 20 mara nyingi ina globu nzima kabisa. Umeme ndio unaoishia njiani kabla ya kuifikia.

Aliyenifanya nianze kulieleza jambo hili kwa kila mteja ni mzee mmoja anayebeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwa pikapu kuukuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Njoo uone. Hizi taa zimenila hela mpaka nimechoka."

Alishabadilisha globu za kawaida, zile za H4 zenye wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Hakuona tofauti. Dukani wakamshauri achukue za wati 100 kwa 90. Zikaonekana kung'aa kidogo, halafu upande wa kushoto ukaanza kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoichomoa soketi nikakuta imegeuka rangi ya kahawia na tundu moja limelegea, mguu wa globu unacheza ndani. Mzee akataka nimbadilishie soketi, basi, aende zake.

Soketi ilihitaji kubadilishwa, sikatai. Lakini soketi haiungui bila sababu. Nilimrudishia kwanza globu ya kawaida, nikawasha injini, nikawasha dimu, nikachukua mita. Kwenye betri nikapata volti 13.8, maana yake alteneta inachaji vizuri. Kisha nikaweka ncha za mita kwenye miguu ya globu yenyewe, nyuma ya soketi, taa ikiwa inawaka. Volti 10.7. Zile 3.1 zimekwenda wapi?

Watu wakisikia volti tatu wanaona ni kidogo. Globu ya halojeni haihesabu hivyo. Ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga wake unapungua kwa karibu asilimia 30, kwa sababu uzi wa ndani ukipoa kidogo tu mwanga huporomoka haraka kuliko umeme ulivyopungua. Kwa vipimo vya pikapu ile, mzee alikuwa anaendesha na chini ya nusu ya mwanga aliostahili kuupata, tena kwa globu mpya.

Kuzitafuta volti zilizopotea ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji mashine ya bei. Taa inabaki inawaka. Ncha moja ya mita unaiweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa eathi wa globu, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Kama njia ya kurudi ni safi, mita itasoma karibu na sifuri. Mimi nikiona imezidi 0.2 naanza kushuku, na ikifika nusu volti natafuta kutu. Kwa mzee ilisoma 1.9. Halafu unahamia upande wa pili: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mguu unaoleta moto kwenye globu. Ikasoma 1.2. Jumlisha, unapata 3.1 yako yote. Hesabu ikifunga namna hiyo huna haja ya kubahatisha, unajua umeme umepotea upande gani na kwa kiasi gani.

Ile 1.9 ilikuwa kwenye boliti moja ya eathi iliyofungwa kwenye bodi chini ya kitako cha betri. Mvuke wa asidi ulikuwa umeila kwa miaka. Waya umeota ukungu wa kijani, na kati ya kichwa cha waya na bodi kulikuwa na kutu na rangi aliyopulizia mpiga rangi bila kuifungua. Nikaifungua, nikakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakata ncha ya waya iliyooza na kubana kichwa kipya, nikafunga na kupaka grisi juu ili unyevu usirudi. Nikapima tena: 0.1. Hapo sijanunua kitu zaidi ya kichwa cha waya.

Upande wa chanya ulikuwa na sababu nyingine. Kwenye gari lile umeme wote wa taa ulikuwa unapita ndani ya swichi ya usukani, unazunguka dashibodi kwa waya mwembamba, ndipo unarudi mbele kwenye taa. Swichi ikizeeka, vidole vyake vya shaba vinaungua na kuwa vyeusi. Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Waya mnene unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, unaingia mguu namba 30 wa rilei na kutokea namba 87 kwenda kwenye globu. Ule umeme wa zamani wa swichi unabaki na kazi ndogo tu ya kuamsha koili kwenye namba 85 na 86. Fyuzi nasisitiza ikae karibu na betri, kwa sababu nimeona mafundi wanaiweka huko mwishoni karibu na taa. Waya ukijisugua kwenye bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna cha kuuzuia usiwake moto.

Tulipomaliza, volti kwenye globu zilikuwa 13.3. Giza lilikuwa limeingia. Mzee akawasha, mwanga ukapiga ukuta wa jirani, akashuka akaenda kuutazama.

"Umenifungia globu gani hizi?"

"Zilezile ulizozitupa chini ya kiti, mzee."

Zile za wati 100 zilizidi kumharibia kwa sababu iliyo rahisi kuielewa ukishajua kuwa njia ilikuwa mbovu. Globu ya wati 55 inavuta takriban ampea 4.6 kwenye volti 12. Ya 100 inavuta zaidi ya 8. Kiungo chenye kutu kinapopitishiwa ampea nyingi zaidi kinapoteza volti nyingi zaidi, kwa hiyo globu kubwa inafikiwa na volti chache kuliko ile ndogo. Na volti zinazopotea haziyeyuki hewani, zinageuka joto palepale kwenye kiungo. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo ile harufu ya plastiki. Hata kwenye gari lenye waya safi, mimi siwashauri watu hizi globu kubwa. Soketi, waya na kitako cha taa vilipimwa kwa wati 55 na 60, na kioo cha ndani kikishababuka kwa joto hakirudi.

Kuna kosa moja la upimaji ambalo kila kijana anayekuja kujifunza kwetu analileta kutoka huko alikotoka. Anachomoa globu, anaweka mita kwenye soketi tupu, anasoma volti 12 na kitu, anatangaza: "Kaka, umeme upo, globu ndiyo mbovu." Mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Njia iliyobaki na uzi mmoja mwembamba wa shaba, au boliti iliyojaa kutu, itaionyesha mita volti zote kwa sababu hakuna mzigo wa kuzipoteza. Weka mzigo, zinatoweka. Ndiyo maana hapa kwetu tesa ya kwanza, yaani kifaa cha kupimia umeme, ni globu ya indiketa ya wati 21 iliyofungwa waya mbili. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, njia ni nzima. Ikiwaka nyekundu kama kaa la sigara, umeshapata jibu bila kusoma namba yoyote. Zile tesa ndogo za taa ya LED zinafaa kukwambia tu kama kuna umeme au hakuna, na swali la taa hafifu si hilo.

Jambo jingine linalowachanganya vijana ni magari yanayokata eathi badala ya moto. Kwenye Toyota nyingi za zamani zenye H4, mguu wa pamoja wa globu unapata umeme wa chanya moja kwa moja kupitia fyuzi na rilei, na swichi ya usukani ndiyo inayochagua eathi iende kwa fuli au kwa dimu. Fundi aliyezoea kwamba mguu wa pamoja ni eathi anaweka tesa yake, anaona moto mahali asipoutarajia, anadhani waya zimeungana, anaanza kukata. Gari lililowahi kupita kwenye mikono hiyo unalijua ukifungua boneti tu: tepu nyeusi kila mahali. Kabla hujakata waya wa mtu, chomoa globu uweke tesa kwenye kila mguu kwa zamu, huku mwenzako anabadilisha fuli na dimu. Dakika mbili zinatosha kujua gari hili limefungwa kwa mtindo upi.

Eathi mbovu ina vituko vyake ambavyo mteja huvieleza kama uchawi. Anasema akiwasha indiketa ya kulia, taa kubwa inakonyeza. Au akipiga fuli, taa ya maegesho upande huo inafifia. Umeme ukikosa njia ya kurudi unatafuta nyingine, na ya karibu ni kupitia taa ya jirani. Nikisikia malalamiko ya namna hii siendi kwenye swichi wala fyuzi, naenda moja kwa moja kwenye boliti za eathi za pembe hiyo ya gari.

Taa ya upande mmoja isipowaka kabisa, kazi ni nyepesi: globu, fyuzi, soketi, kwa mpangilio huo. Magari mengi ya Kijapani yana fyuzi ya kushoto na ya kulia mbalimbali, kusudi usibaki kipofu pande zote. Pande zote mbili zikizima kwa pamoja basi fyuzi naiacha ya mwisho, naangalia rilei na swichi. Na zikiwa ni globu zote mbili zimekatika, tena si mara ya kwanza, naangalia chaji kabla ya kitu kingine. Alteneta iliyoharibika kidhibiti chake ikapeleka volti 15 na zaidi itakukatia globu kila mara, maana volti zikipanda kwa asilimia 5 tu maisha ya globu yanakatika karibu nusu. Mteja wa namna hiyo ananunua globu nzuri za bei, zinang'aa ajabu, anazisifia, kisha zinakatika. Duka ndilo linalotukanwa, na halina kosa.

Globu yenyewe ukiitazama inasema imekufaje. Uzi uliokatika huku kioo kikiwa safi ni uzee au mtikisiko; matuta yetu yanakata nyuzi, hasa globu isiyokaa vizuri kwenye kitako chake. Unga mweupe ndani ya kioo maana yake hewa imeingia, kioo kimepata ufa. Na kibonge au lengelenge kwenye kioo mara nyingi ni alama ya kidole. Kioo cha halojeni kinapata moto sana, na mafuta ya mkono yanaungua juu yake na kupadhoofisha mahali pale. Shika globu kwenye chuma chake, au kwa karatasi safi. Ukishaigusa, ifute kwa spiriti kabla ya kuwasha. Jambo dogo hili mafundi wengi wanalijua na hawalifanyi kwa sababu mikono ina grisi na mteja ana haraka.

Nimezungumza sana juu ya umeme kwa kuwa ndiko kunakofichika. Plastiki ya mbele kila mtu anaiona. Taa za kioo halisi zilikuwa hazigeuki njano, lakini magari mengi tunayoyaleta sasa yana lensi za polikaboneti zilizopakwa ngozi nyembamba ya kinga kiwandani. Jua linaila ngozi ile, kuanzia ukingo wa juu kunakopigwa zaidi, na chini yake plastiki inaungua na kuwa kama moshi. Gari lililolala juani miaka nenda rudi linaweza kuwa na umeme mzima na globu mpya, na mwanga ukatawanyika kwenye ile njano badala ya kufika barabarani.

Dawa ya meno inafanya kazi, kwa maana kwamba ni msasa laini sana. Inang'arisha kwa muda, kisha njano inarudi kwa sababu kinga haipo. Losheni ya mbu ndiyo nisiyotaka kuiona karibu na taa ya mtu. Vijana wa kuosha magari wanaipaka, taa inameta hapohapo, mteja anafurahi na kutoa hela. Ile dawa inayofukuza mbu inayeyusha uso wa plastiki, na kinachometa ni plastiki iliyoyeyuka. Baadaye inakuja na nyufa ndogondogo ambazo msasa hauziondoi.

Kazi ya kweli ni ya mikono na maji. Unabandika tepu ya karatasi kuzunguka taa kulinda rangi, unaanza na msasa wa maji namba 800 kama njano ni nzito, unakwenda 1500, 2000, hadi 3000, kila mara unamwagia maji na kubadilisha mwelekeo wa mkono ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imeisha. Ukimaliza namba ya kwanza taa inaonekana imeharibika kabisa, nyeupe tupu, na wenye magari wengine hapo huanza kupandisha sauti. Kisha polishi, kisha kuosha, kukausha, na kupuliza vanishi maalumu inayozuia miale ya jua. Ukiiacha hiyo ya mwisho kwa sababu mteja hataki kuongeza hela, mwambie kabisa kwamba atarudi baada ya miezi michache.

Ndani ya taa usiguse. Ile rangi ya fedha kwenye bakuli linaloakisi mwanga ni utando mwembamba mno wa alumini, na kitambaa kinaung'oa. Bakuli likishababuka au kuwa kijivu, hakuna polishi ya kulirudisha. Tafuta taa nyingine, hata ya mtumba, ila iangalie kwa tochi ndani kabla ya kulipa. Kuhusu maji: ukungu kidogo asubuhi ya baridi unaoondoka taa ikiwaka ni jambo la kawaida, taa ina vitundu vya kupumulia. Maji yanayocheza chini ni jambo jingine. Kwanza tazama nyuma kama kofia ya mpira ipo. Mara nyingi haipo; aliyefungia globu kubwa ya LED aliikata au kuitupa kwa sababu feni yake haikutosha. Na tafadhali msitoboe tundu chini ya taa ili maji yatoke. Tundu linalotoa maji linayaingiza pia, pamoja na vumbi la Dodoma.

Basi tufike kwenye kulenga, ambako ndiko ninakogombana na watu.

Tuna ukuta na sakafu iliyosawazishwa. Gari linasimama mita 10 kutoka ukutani, matairi yana upepo sawa, tanki angalau nusu, dereva ameketi kwenye kiti. Kama gari lina kile kigurudumu cha kupandisha na kushusha taa kwenye dashibodi, kinakuwa kwenye sifuri. Napima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, naweka alama ya tepu ukutani kwa urefu huohuo, kisha nakaza au kulegeza skrubu hadi mstari wa dimu ushuke takriban sentimita 10 chini ya alama. Hesabu yake iko wazi: taa iliyo sentimita 70 juu ya ardhi, ikishuka sentimita 10 kwa kila mita 10, mwanga wake unagusa lami mita 70 mbele. Nikiishusha sentimita 30, unagusa mita 23 tu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Aliyelengewa mita 23 anamwona nyati akiwa ameshamfikia.

Upande wa kupandisha ni vilevile. Wenye pikapu na Noah zinazobeba mizigo, nyuma ikikaa chini pua inanyanyuka, na kila anayekuja mbele anawapigia fuli. Wanadhani watu wana fujo. Kile kigurudumu cha dashibodi kiliwekwa kwa kazi hiyo, na nina hakika zaidi ya nusu ya wateja wangu hawajawahi kukigusa.

Halafu kuna suala la upande. Dimu haikatwi sawasawa. Upande wa kando ya barabara inanyanyuka kidogo ili uone waenda kwa miguu na vibao, upande wa katikati inabaki chini ili usimtie upofu anayekuja. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, na Japani pia, kwa hiyo gari la Kijapani linatufaa kama lilivyo. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Malori yaliyotengenezwa kwa ajili ya huko, yakiwa kwetu kufuata mizigo bandarini Dar es Salaam, yananyanyua mwanga usoni mwa anayekuja, na magari ya usukani wa kulia yaliyojaa Bujumbura yanafanya vivyo hivyo huko. Skrubu hazirekebishi jambo hili, umbo la mwanga limetengenezwa hivyo. Taa nyingi za viwango vya Ulaya zina mshale mdogo kwenye kioo: ukisimama mbele ya taa unaitazama na mshale unaelekea mkono wako wa kulia, taa ni ya wanaopita kushoto; mshale wa pande mbili unafaa kote; isipokuwa na mshale ni ya wanaopita kulia. Dereva wa safari ndefu anaweza kubandika tepu isiyopitisha mwanga kwenye kipande cha kioo kinachonyanyua. Kuna madereva wa malori wanaofanya hivyo, na ninawaheshimu.

Nilikuja kuona kwamba gari ambalo halilengeki kabisa, kila nikikaza skrubu mwanga unabaki umesambaa ukutani kama maziwa yaliyomwagika, karibu kila mara lina globu za LED zilizochomekwa kwenye taa ya halojeni. Mama mmoja alileta gari lake akilalamika kuwa watu wanamfokea kwa taa njia nzima kutoka Chalinze.

"Na taa zangu nimeweka nzuri, mwanangu, nyeupe kabisa. Wivu tu."

Nikamwomba asimame nami mita kadhaa mbele ya gari lake, dimu ikiwaka. Akaweka mkono machoni. Hakusema neno la wivu tena.

Bakuli la taa limechorwa kwa kufuata mahali ulipo uzi wa globu, kwa usahihi wa chini ya milimita. Kwenye H4 uzi wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya bakuli, na hapo ndipo mstari ule safi ukutani unapotoka. LED ya kuchomeka ina vipande bapa pande mbili za kipande cha alumini. Unene wake peke yake unatosha kuharibu hesabu. Mwanga unakuwa mwingi, hilo ni kweli, ila unakwenda juu kwa wenzako na chini karibu na bampa. Zulia jeupe la mita 15 mbele ya gari linambana dereva mboni za macho, na kile kilicho mita 60 mbele, ndicho alichotaka kukiona, kinazidi kuwa giza. Globu za halojeni zilizopakwa bluu nazo zina udanganyifu wake: rangi ile inameza sehemu ya mwanga, wati ni zilezile.

Sisemi LED ni mbaya. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED, au na zenoni zake halisi, limechorewa bakuli na lensi zake, na linamulika kuliko halojeni yoyote niliyowahi kufunga. Zenoni ukiona inaanza kuwa ya waridi au zambarau kisha inajizima, ni globu imechoka. Hiyo msijibadilishie wenyewe taa ikiwa imewashwa. Inapowaka inahitaji umeme wa zaidi ya volti 20,000, na hiyo si betri ya kuchezea.

Yule mama tulimrudishia H4 za wati 60 kwa 55, tukasafisha eathi, tukalenga. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: gari lenye LED za kuchomeka kwenye bakuli la halojeni silifungii nyingine wala silipigi lengo, kwa sababu nitakuwa nachukua hela ya kazi isiyofanyika. Namwonyesha mteja ukuta, namwonyesha mita, namweleza nitamtoza nini kusafisha eathi na kufunga rilei mbili. Wengine wanakubali. Wengine wanavuka barabara kwenda kwa jirani yangu, ambaye anawafungia, na ambaye wakati mwingine hunijia saa moja jioni kuazima mita yangu.